Rafu ya Kalibu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuiua flashi yetu.

Sisi tuna nyumba mbili. Kliniki ndipo ninapopima vigutu vya watu, nikavipiga picha, nikawarekodi wenyewe wakitembea kwenda na kurudi kwenye ule mstari mwekundu wa sakafuni. Karakana iko mtaa wa pili, mwendo wa dakika ishirini, na humo Mzee Plasta hutengeneza miguu ya bandia. Vipimo hutoka kwangu kwenda kwake ndani ya flashi, mfukoni mwa yeyote anayeelekea huko. Leo mfuko ulikuwa wangu, na mtaro nikaukanyaga mimi mwenyewe.

Ndani yake mlikuwa na vipimo vya mwalimu mmoja niliyempima Ijumaa, ambavyo kwa uvivu wangu sikuviweka kwenye kompyuta. Imebidi aitwe tena. Amekuja kwa magongo, suruali imelowa mpaka mapajani, akakaa akapimwa upya na hakusema kitu. Afadhali angenisema.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amepita kliniki mchana. Ni mdogo wake mume wangu, na watu humwita Injinia ingawa cheti bado anakisubiri. Kompyuta lakini anazijua, hilo simnyimi.

Msimamizi wetu alishasema zamani, na akisema amesema: picha za watu wakiwa nusu uchi haziendi kukaa kwenye mashine za kampuni tusiyoijua, hata wakitupa bure. Kwa hiyo tunataka chombo chetu wenyewe, kwenye kompyuta yetu, chini ya paa letu. Shemeji amefurahi kama aliyetangaziwa ndoa. Anataka kutuwekea mfumo mkubwa wenye mafaili, kalenda, barua pepe, vikao vya video na majedwali.

"Na ukisafiri, nani atautunza?"

"Shem, huo unajitunza."

"Hata mtoto hujitunza, mpaka umpe kisogo."

Amecheka, akaaga.

Jumatatu, 10 Machi

Siku tatu na mfumo mkubwa. Umewekwa kwenye ile kompyuta kuukuu ya stoo, tunayoiita Bibi kwa sababu haiamki bila kulalamika. Siku ya kwanza ulifunguka. Ya pili ulidai kusasishwa. Leo baada ya kusasishwa umekataa kabisa kumtambua mtu, hata Shemeji aliyeuzaa.

Mzee Plasta alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imetapakaa jasi.

"Inataka nini?"

"Neno la siri jingine, Mzee."

"Kwani lile la kwanza limekosa nini?"

Nimeamua. Nataka vitu viwili vidogo tu. Kimoja ni programu inayofanya folda moja ifanane kwenye mashine tatu: ya kliniki, ya karakana, na Bibi. Nikiweka faili huku linatokea kule, basi. Cha pili ni ukurasa mdogo wenye neno la siri, ili daktari wa mifupa aweze kuona tunachotaka aone akiwa huko aliko. Kalenda ninayo ukutani.

Shemeji amenuna. "Gari lipo, wewe umechagua baiskeli."

"Baiskeli naweza kuiziba pancha mwenyewe."

Jumatano, 12 Machi

Inafanya kazi. Nimeweka picha, nikahesabu polepole hadi kumi, nikampigia Mzee simu. "Limetokea goti," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona jini. Nimehamisha mafaili yote ya miaka minne kwenye folda mpya. Nimehamisha, sikunakili. Vitu viwili viwili vinanichefua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshinda karakana kumfundisha Mzee. Ana miaka sitini na sita, na ameniambia waziwazi kwamba ananifuata kwa heshima tu. Kipanya anakishika kama kifaranga. Kila nilipomwambia "folda" aliitikia "ndiyo, mwanangu" kwa ile ndiyo ya msibani.

Hatimaye nikapata njia. Nyuma ya meza yake kuna rafu ya kalibu. Kila mteja tukishampima, Mzee humtengenezea kalibu ya jasi yenye umbo la kigutu chake, na juu yake ndipo anapofinyanga kikombe, yaani ile sehemu ya mguu wa bandia inayokivaa kigutu. Kalibu zote za kazi zinazoendelea hupangwa kwenye rafu hiyo. Nikamwambia, "Mzee, ichukulie folda hii kama rafu yako ya kalibu. Kila mtu ana chake, na wewe ndiye mwenye rafu."

Uso wake ukafunguka. Baada ya hapo alifanya kila kitu bila kuniita. Nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu hodari.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Stoo inavuja. Bibi amepandishwa juu ya matofali.

Jumamosi, 22 Machi

Diski ya Bibi imejaa video. Nimezima lile kapu linalotunza vitu vilivyofutwa, nafasi imepatikana. Nimefua mapazia, hayakauki.

Jumatano, 26 Machi

Leo amekuja Mbio, na mama yake. Jina hilo alipewa hapa kliniki akiwa na miaka mitano, wiki ya kwanza aliyovaa mguu, aliposhindwa kutembea taratibu kama tulivyomwelekeza na kuamua kukimbia. Ana miaka tisa sasa. Mtoto hukua, kwa hiyo kila mwaka mguu mpya, na huu anaopimwa ni wa tano.

Kuna jambo silipendi. Mfupa wake unakua upesi kuliko nyama inayoufunika, na ncha yake inaisukuma ngozi kutoka ndani. Nimegusa, akauma mdomo, kisha akanidanganya kwamba hakuna maumivu. Daktari wa mifupa huja mara mbili kwa mwaka, na safari hii anakuja mwishoni mwa Aprili. Yeye ndiye atakayeamua kama mfupa ukatwe tena. Kigutu chenyewe ni kifupi. Kikipunguzwa pasipo haja, goti litakosa cha kuusukumia mguu, na kukimbia kutakuwa kumekwisha.

Mama Mbio ni mfuaji wa nguo za watu, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Ameitazama skrini yangu kwa muda mrefu.

"Yote yamo humo?"

"Yote, dada. Tangu mguu wa kwanza. Daktari ataona mfupa umekwendaje mwaka hadi mwaka."

"Na hiyo ikiharibika?"

"Zipo tatu zinazofanana. Moja ikifa, mbili zinabaki."

Amesema "haya." Sikuipenda haya yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Mguu wa tano umetoka. Mbio ameuvaa karakana, akazunguka meza mara tatu, akagonga ndoo. Mzee amevunja kalibu yake kwa nyundo kama afanyavyo kila Jumamosi kwa kazi zilizomalizika. Mvua ilipungua kidogo, nikarudi bila mwavuli.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuna jipya. Viatu vimeota ukungu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi daktari wa mifupa ametuma ujumbe. Anataka vipimo na picha za Mbio za miaka yote kabla ya kuja tarehe 29. Ameandika kwamba kumbukumbu zikionyesha mfupa unakwenda polepole, atasubiri. Zikikosekana hatabahatisha, kwa sababu mfupa ukitoboa ngozi wakati yeye hayupo, mtoto anaweza kupoteza goti lote. Atakata.

Nikafungua folda ili niziweke kwenye ule ukurasa wake. Mbio hayumo. Nikadhani nimekosea herufi. Nikatafuta kwa tarehe, nikatafuta kwa jina la mama. Kisha nikagundua hata yule mwalimu wa magongo hayumo, wala fundi seremala, wala yule bibi mwenye kisukari. Watu kumi na mmoja hawamo. Nikakimbilia stoo kwa Bibi. Hawamo. Nikampigia Mzee simu atazame karakana.

"Hao kazi yao imekwisha," akasema.

"Imekwisha vipi, Mzee?"

"Miguu imetoka. Nimewavunjia."

Nikakaa chini, pale pale stoo, juu ya tofali lililolowa.

Nimekwenda karakana na hiyo mvua. Mzee hakuelewa kosa ni lipi, na alinieleza kwa upole kama anayemweleza mgeni. Kalibu haiachwi. Alipokuwa kijana aliwahi kuhifadhi moja, mteja aliporudi baada ya mwaka akamtengenezea kikombe kwa kalibu ile ile, kumbe mwili ulishabadilika. Yule mtu alipata kidonda kilichokaribia kumuua. Tangu siku hiyo mguu ukitoka, kalibu inavunjwa, ili mkono usije ukashawishika.

"Wewe si uliniambia ni rafu yangu ya kalibu?"

"Nilisema hivyo, Mzee."

"Basi kila Jumamosi nikimaliza za jasi, navunja na za humo." Akaigeukia skrini. "Za kule kliniki si zipo?"

Nikamweleza kwamba mashine tatu zinafanana kwa kila kitu. Kinachoongezwa huku kinaongezeka kule, na kinachofutwa huku kinafutika kule. Nilimwona akielewa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Jumanne, 15 Aprili

Msimamizi ametuita ofisini, mimi na Shemeji. Mzee hakuitwa.

"Nani amefuta?"

Nikasema, "Mzee alifuta. Hakujua."

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Msimamizi akaandika, akasema Mzee asiguse kompyuta tena, na apumzike hadi atakapoitwa. Shemeji alinitazama tu, na nje akaninong'oneza, "Ungechukua gari." Nilitamani kumpiga na mwavuli.

Alhamisi, 17 Aprili

Shemeji ameshinda siku mbili akimfukua Bibi. Hakuna. Juu ya mahali palipofutwa zimeshaandikwa video mpya. Amepata picha moja ya kisigino, hatujui cha nani.

Akaniuliza, "Shem, programu hii huwa na kapu la vilivyofutwa. Kwa nini halina kitu?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimechoka, na nadhani wakati ule kweli sikujua. Nadhani.

Jumatatu, 21 Aprili

Karakana imefungwa. Nimepita na kuchungulia dirishani. Nyundo ipo pale pale kwenye msumari.

Sijamwambia Mama Mbio.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimefungua daftari hili kutafuta tarehe niliyompima Mbio, angalau nimwandikie daktari nikumbukacho. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja zaidi ya nilivyohitaji.

"Nimezima lile kapu linalotunza vitu vilivyofutwa, nafasi imepatikana."

Mwandiko wangu, safi kabisa, na mapazia yakafuatia. Kama ningeliacha lile kapu, Mzee angevunja mpaka achoke na mimi ningeokota kila kitu kwa dakika tano. Yeye alifuata kanuni iliyowahi kuokoa miguu ya watu. Mimi nilitaka nafasi. Na ile kanuni yake niliipeleka kwenye kompyuta mimi mwenyewe, kwa mfano wangu mzuri wa rafu niliojisifia. Nikaingia ofisini nikasema "Mzee alifuta", nikamwacha aende nyumbani na mvua.

Nimeona aibu nikiwa peke yangu chumbani, na nimegundua kwamba hiyo huuma kuliko ya mbele za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho naanza na Mama Mbio, maana yeye ndiye anayedai zaidi.

Ijumaa, 25 Aprili

Anaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya ghorofa. Mvua ilikuwa inapiga bati la ua, na nguo za watu zilikuwa zimetandazwa ndani mpaka juu ya kitanda. Mbio alikuwa shuleni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, na kapu nikalitaja. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo zile tatu zinazofanana," akasema, "zilifanana na katika kufa."

"Ndiyo, dada."

"Na daktari atamkata mwanangu kwa sababu hana cha kusoma."

Nikainamisha uso, na ndipo nilipoona chini ya kitanda, kati ya beseni na ndoo. Miguu minne. Imepangwa kwa urefu kuanzia mdogo, ambao haufiki urefu wa mwiko, na kila mmoja umevalishwa soksi.

"Hivi uliitunza?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. "Viatu vikimbana navigawa. Miguu nimpe nani?"

Nilipiga magoti nikavuta ule wa kwanza, nikaingiza mkono kwenye kikombe. Umbo la kigutu cha mtoto wa miaka mitano lilikuwa mle ndani lote. Nililia, na Mama Mbio akaniacha nilie huku akikunja mashuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Mzee, miguu minne ndani ya gunia. Mkewe amenifungulia bila bashasha, na haki yake. Mzee alikuwa ameketi sebuleni, amevaa shati safi, mikono haina jasi. Sijawahi kumwona hivyo, na kwa kweli alionekana mgonjwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Kabla ya gunia nikasema la kwangu. Nilisoma lile daftari, tarehe na mstari, mapazia na yote. Nikasema kwamba ofisini nilitaja jina lake na langu nikaliacha.

Mkewe akaja mlangoni kutazama kuna nini.

"Siku kumi na moja," Mzee akasema, "nimekaa hapa najihesabu kuwa nimemharibu yule mtoto. Nimewaza mpaka nikawaza miaka yangu yote. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu juzi, Mzee. Kabla ya hapo nilikuwa sitaki kujua."

"Hayo ni mamoja."

"Ndiyo, Mzee."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Gunia lina nini?" Nilipotoa ule mdogo aliupokea kwa mikono miwili, akauvua soksi, akaingiza vidole, akafumba macho. "Huu niliubana hapa, upande wa ndani, nusu kidole. Alikuwa mwembamba. Hapa nikaachia." Kisha akanyanyuka. "Funguo za karakana anazo nani?"

Jumatatu, 28 Aprili

Asubuhi nimeingia kwa msimamizi kabla hajaketi. Nimepewa barua ya onyo, na Mzee amepigiwa simu ya kuombwa radhi. Shemeji amesikia yote, na badala ya kunicheka ameshinda kuunganisha kompyuta ya pili kwenye chumba cha msimamizi. Hiyo itakuwa inapokea tu. Ukifuta kwingine, yenyewe haifuti. "Baiskeli yako," akasema, "nimeiwekea breki."

Siku nzima Mzee amemimina jasi ndani ya vikombe vinne, akasubiri ishike, akatoa kalibu moja moja. Penye kubanwa ameongeza, penye kuachiwa amepunguza, ili umbo la kikombe lirudi kuwa la kigutu, kwa kumbukumbu ya vidole vyake tu. Sina pa kuhakiki, na sikuthubutu kuuliza. Mimi nilipima na kuandika. Mama Mbio alikaa kwenye benchi tangu mwanzo hadi mwisho, na chai tuliyompa ikapoa.

Jumanne, 29 Aprili

Daktari wa mifupa alitarajia skrini. Amekuta meza yenye vigutu vinne vya jasi vya mtoto mmoja, vimepangwa kwa miaka, na Mbio mwenyewe pembeni kama wa tano. Alivishika vyote. Aliuliza mara mbili nani alitengeneza, na kila alipogusa penye mbonyeo au uvimbe Mzee alijibu bila kusita. Alipima, akalinganisha na kigutu chenyewe, akapima tena. Mama Mbio alikuwa ameng'ang'ania kamba ya mkoba wake.

"Mwaka wa kwanza mfupa ulikimbia," akasema daktari. "Hii miwili ya mwisho umetulia. Sitakata sasa. Kikombe kipanuliwe hapa nchani, nimwone Oktoba. Ngozi ikibadilika rangi mniite siku hiyo hiyo."

Sasa, amesema. Hajasema kamwe. Mama Mbio alilisikia hilo kama nilivyolisikia mimi, na alipoaga alimpa Mzee mkono kwanza, kisha msimamizi. Kwangu aliinamisha kichwa tu. Wale kumi wengine hawakuweka miguu chini ya kitanda. Kila mmoja itabidi nimpigie simu, nimweleze, nimpime upya.

Jumamosi, 3 Mei

Jua limetoka kwa saa tatu. Mapazia yamekauka.

Mzee amevunja kalibu mbili za wiki hii, nyundo ile ile. Zile nne za Mbio ameziweka rafu ya juu, zenyewe tu, kila moja imeandikwa mwaka kwa penseli. Kisha akanawa mikono, jambo ambalo hafanyi kabla ya saa kumi, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nionyeshe tena."

Nikavuta kiti changu, nikaanza, "Mzee, folda hii ni kama…"

Akainua kiganja.

"Safari hii usiniambie ni kama nini. Niambie ni nini."

Ilibidi nifikiri. Halafu nikamwambia, "Ni kitu kimoja kilicho mahali patatu. Ukifuta hapa, umefuta kote."

Aliitazama skrini, akaitazama rafu yake, akarudi kwenye skrini.

"Hilo ndilo ungeanza nalo," akasema.

Nikasema ndiyo, Mzee.